Kutoka Wodi ya Mapafu hadi Darasa la Biolojia

Hospitali ya kaunti yetu ilifungwa mwezi wa pili, na kwa majuma kadhaa watu waliendelea kukunja kona kwenye lango lake kwa mazoea, kisha wanakumbuka, wanarudi kinyumenyume hadi barabarani. Belden Point ni mji mdogo uliobanwa kati ya mashamba ya pamba na tuta la mto Mississippi. Ukiondoa shule, makanisa na kiwanda cha kambare, hapakuwa na mahali pengine pa kuajiri watu. Wauguzi wengi walihama. Rozella Pittman alibaki.

Huyu Rozella alikuwa mtaalamu wa upumuaji. Ndiye aliyeitwa mtu anapokosa hewa: mzee mwenye pumu, kijana aliyetolewa mtoni, mama aliyewekwa kwenye mashine. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno ya taratibu, na alitembea kana kwamba sakafu nzima imelala na hataki kuiamsha. Kazi hiyo iliisha akiwa na miaka arobaini na tisa, mjane, mwanawe ameshaoa huko Memphis. Hakuwa na mahali pa kukimbilia wala hakutaka kukimbia.

Mimi nilikuwa nafundisha kemia katika sekondari ya hapa tangu nikiwa msichana, kwa hiyo nilikuwepo Jumapili ile mkuu wetu wa shule, Bwana Cleophus Rand, alipomkabili kwenye uwanja wa kanisa. Tulikuwa tumeshika sahani za kambare wa kukaanga. Shule haikuwa na mwalimu wa biolojia kwa mwaka wa pili mfululizo. Watoto walikuwa wanawekewa video na kocha wa mpira anawalinda wasipigane.

"Dada Pittman," Bwana Rand akaanza, "si ulichukua digrii ya biolojia, ile ya masomo ya jioni?"

"Zamani, Bwana Rand."

"Biolojia haijabadilika sana. Chura bado ni chura."

"Mimi si mwalimu."

"Sijakuuliza kama wewe ni mwalimu. Nimekuuliza kama una digrii."

Akamweleza kwamba jimbo lina njia ya pili ya kuingia ualimu, kwa watu wenye digrii ambao hawakupita chuo cha ualimu. Unafanya mtihani wa somo lako. Unachukuliwa alama za vidole ili wachunguze kama una rekodi ya uhalifu. Unasoma mafunzo ya ualimu kiangazi chote. Kisha unafundisha mwaka mzima chini ya mwalimu mlezi, na wakaguzi wanakuja kukutazama. Ukipita kote huko, unapewa leseni kama mwalimu mwingine yeyote.

Kaka yake Rozella, Lucius, ambaye hajawahi kusikia jambo zito asilitie mzaha, akadakia kutoka meza ya pili. "Yaani unaacha watu wasiopumua unakwenda kwa watoto wasionyamaza? Bora ungebaki na wale wa kwanza."

Rozella alicheka kidogo. Jioni yake alinipigia simu. "Dada Imogene," akasema, "huo mtihani una nini ndani?"

Ulikuwa na mimea ndani. Sehemu ya mwili wa binadamu aliimaliza kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, lakini mimea, misitu na minyororo ya chakula vilimwangusha, na majibu yalipotoka alikuwa ameshindwa kwa alama chache tu. Alikuja nyumbani kwangu akiwa amevaa nguo zake za kanisani, ijapokuwa haikuwa Jumapili, akaketi jikoni.

"Sijui lolote kuhusu majani," akasema. "Nimeishi humu katikati ya mashamba maisha yangu yote, na jani kwangu ni kitu cha kufagia."

Sikumpa kitabu. Nilimpeleka maabara ya shule, ambayo kiangazi ina joto kama tanuri, nikachukua jani la ua la zambarau lililokuwa dirishani. Nikabandua ngozi nyembamba ya upande wa chini, nikaiweka kwenye kioo na tone la maji, nikaisukuma chini ya hadubini. Nikamwambia atazame.

Alitazama kwa muda. "Hivi vidude kama midomo ni nini?"

"Ndivyo ulivyosema. Ni midomo. Jani linavuta hewa kupitia hapo."

Nikadondosha maji ya chumvi pembeni mwa kioo, nikamwambia asiondoe jicho. Maji yakatambaa hadi kwenye ngozi ile, na najua alichokiona kwa sababu nimekiona mara nyingi: ile midomo midogo, mmoja mmoja, ikaanza kujifunga. Nikaondoa chumvi kwa maji safi. Baada ya muda ikaanza kufunguka.

Rozella alinyanyua kichwa. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na wala hakuyaficha.

"Kila jani?" akauliza.

"Kila jani."

"Shamba lote lile la Bwana Sorrell? Yote yale?"

"Yote, mdogo wangu. Na magugu ya pembeni."

Aliinuka, akaenda dirishani. Pamba ilikuwa imefika magotini, kijani tupu hadi kwenye tuta la mto. Alisimama pale muda mrefu hivi kwamba nilianza kuosha vioo. "Miaka yote," akasema mwishowe, bila kugeuka, "nilidhani kazi ya kupumua ilikuwa ya kwetu, ndani ya lile jengo. Kumbe nje huku kote ilikuwa inaendelea, kimya kimya, bila mtu kuishika mkono." Nimefundisha watoto wa mji huu hadi nikafundisha watoto wa watoto wao, na sijawahi kuona mtu mzima akipigwa na jambo kiasi kile. Tangu siku ile alisoma mimea kama mtu anayesoma habari za ndugu zake. Mtihani wa pili aliupita.

Kikwazo kilichofuata kilinichekesha mimi, yeye hakikumchekesha. Alienda kuchukuliwa alama za vidole, na mashine ikakataa. Kijana wa ofisini akamfuta vidole, akavibonyeza tena, mashine ikakataa tena. "Mama," akamwambia, "huna alama." Sabuni na dawa za kunawia za wodini zilikuwa zimemsaga ncha za vidole hadi zikawa laini kama kijiko. Ilibidi akae majuma kadhaa akijipaka mafuta na kuvaa glavu kulala, ngozi ijikumbuke, ndipo mashine ikakubali kwamba yeye ni mtu. Lucius akapita mji mzima akitangaza kwamba dada yake angeweza kuiba benki na asijulikane.

Shule ilifunguliwa mwezi wa nane, mimi nikiwa mwalimu wake mlezi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alikuwa amezoea vyumba ambamo akisema neno, watu hufanya. Sasa alikuwa na chumba kilichojaa vijana wa miaka kumi na tano na kumi na sita ambao hawajafundishwa biolojia kwa miaka miwili na hawakuona sababu ya kuanza sasa. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. Alieleza kitu kimoja kwa urefu, akiwa ameelekea ubaoni, na nyuma yake wakawa wanarushiana kofia. Kibaya zaidi ilikuwa ile milio. Kila alipofungua mdomo, mtu fulani nyuma alilia taratibu kama mashine ya wodini, pii, pii, pii, na akinyamaza, ule mlio unakuwa mmoja mrefu usiokatika, kama mgonjwa amefariki. Darasa zima linaangua kicheko.

Aliyeanzisha alikuwa msichana anaitwa Nakeyra Gaines. Alikuwa na akili kali na ulimi mkali zaidi, na walimu watatu walikuwa wameshamtoa darasani kwao.

"Nakeyra," Rozella akamwambia siku moja nikiwa nimekaa nyuma, "unaweza kuacha?"

"Kuacha nini, Mwalimu? Hiyo ni betri yako inakwisha."

"Betri yangu ni nzima."

"Basi chomoa. Si ndiyo kazi yako uliyosomea? Kuchomoa watu?"

Kicheko kikakatika. Hata wao walijua kwamba neno hilo limevuka mpaka. Katika mji kama wetu hakuna nyumba isiyokuwa na mtu aliyefia hospitali ile. Nilimwangalia Rozella nikidhani atalia au atapiga meza. Alimtazama yule msichana kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Haikuwa hasira. Ni kama mtu anayetazama kitu kizuri kilichowekwa juu sana. Kisha akasema, "Tufungue ukurasa wa seli," na akaendelea.

Nilipomkuta kwenye gari baadaye nilimwambia amwite mzazi. Alikataa. Nikamwambia mlezi wake ni mimi na lazima niandike taarifa, na kama hataki kumwita, nitamwita mimi. Nikamwita.

Mama Nakeyra, Bi Dorethea Gaines, alikuja moja kwa moja kutoka kiwanda cha kambare, bado ana buti za mpira na kofia ya neti. Walikuwa wanakaa upande wa mbali wa kaunti, kanisa lao jingine, na sikuwa nimewahi kumwona. Nakeyra alikaa kando yake amekunja mikono. Niliwapokea mimi, na mama akaanza kabla sijafungua mdomo.

"Najua. Najua ulimi wake. Nimechoka na ulimi wake. Niambieni tu safari hii amesema nini."

Mlango ukafunguka, Rozella akaingia na rundo la madaftari. "Samahani kwa kuchelewa," akasema. "Asante kwa kuja, mama. Kaa, tafadhali, umesimama kutwa nzima."

Bi Dorethea hakukaa. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alimtazama Rozella usoni, kama anayetafuta kitu na hakioni, kisha akafumba macho.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini, mama?"

"Chochote. Sema chochote."

Rozella alinitazama mimi, kisha akaweka madaftari chini. Akasema polepole, "Nadhani unanikumbuka. Nilikuwa nimevaa barakoa."

Yule mama akakaa. Akamgeukia binti yake, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Ulizaliwa na kitovu kimekuzunguka shingoni," akamwambia. "Ulikuwa wa bluu. Hukulia. Daktari alikuwa ananishughulikia mimi, damu ilikuwa inatoka, na wewe walikupeleka pembeni, sikuoni. Nilichosikia ni sauti ya mwanamke tu. Anasema, haya binti, vuta, hewa ipo ya kutosha, vuta. Anasema hivyo bila kuchoka, taratibu, kama anakubembeleza unywe uji. Watu wote mle ndani walikuwa wamenyamaza. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, Nakeyra. Yeye anaendelea kuongea na wewe tu." Akapangusa uso kwa kofia yake ya neti. "Ndipo ukalia. Sikuwahi kuuona uso wake. Sauti ninayo kichwani mpaka leo."

Nakeyra alikuwa hajasogea. Mikono ilikuwa imeachia kifuani na kulala mapajani, kama si yake.

"Ulikuwa unajua?" nikamwuliza Rozella. Swali lilinitoka tu.

"Tangu nilipoita majina siku ya kwanza," akajibu. "Mama yake alinitajia hilo jina kabla hata hajampakata. Hakuna Nakeyra mwingine niliyewahi kukutana naye."

"Na ukaacha akutukane?"

"Habari za mgonjwa ni za mgonjwa, dada Imogene. Halafu mtoto hadaiwi pumzi yake. Nilimpa ili aitumie." Akasita, akatabasamu kidogo. "Na anaitumia kweli."

Bi Dorethea akaanza kucheka na kulia pamoja. Mimi nilitoka nje. Nilisimama kwenye ubaraza ambako harufu ya dawa ya kupukutishia majani ya pamba ilikuwa inaingia madirishani, na nikajikuta nawatazama watoto wakipita kwenda kwenye mabasi, wengine wanakimbia, wengine wanatafuna chipsi. Nilihesabu kichwani ni wangapi walizaliwa kule hospitali kabla wodi ya uzazi haijafungwa, nikaacha kuhesabu. Rozella alikuwa akiwapita kila siku kwenye korido, wengine wakimpiga kikumbo, na hakuwahi kumwambia yeyote.

Sitasema kwamba kuanzia hapo darasa lilikuwa la malaika. Milio iliisha, kwa kuwa aliyekuwa kiongozi wake aliizima. Kelele nyingine zilibaki. Lakini Rozella alibadilika pia. Nilimwambia aache kuzungumza na ubao, azungumze nao kama alivyokuwa anazungumza na watu vitandani. Akajaribu. Sauti yake ilibaki ya chini ileile, ila sasa ilikuwa imeelekezwa kwa mtu, na watoto wakaanza kuinamia mbele ili waisikie.

Mkaguzi wake alikuja mwezi wa kumi na moja, Dakta Anselm Whitfield, mtu mpole kutoka chuo kilichosimamia mafunzo yake, amevaa tai ndogo ya kipepeo. Alikaa nyuma karibu nami. Mbele, Rozella alikuwa amefunika kitu kwa kitambaa juu ya sinia la chuma. Alikuwa amekiomba kwa Bwana Hosea Tubbs, mwenye machinjio, asubuhi ileile: mapafu ya nguruwe, mazima, na bomba lake la hewa.

Alipofunua, nusu ya darasa wakaruka na viti vyao. Yalikuwa yamelala pale kama nguo iliyoloa, membamba, mekundu ya kukolea, hayana umbo. "Yanatisha," mtu akasema. "Yananuka," akasema mwingine.

"Yamekufa tu," Rozella akasema. "Sogeeni."

Wakasogea, polepole, hadi wakalizunguka sinia. Aliingiza mrija kwenye bomba la hewa, akaufunga kwa uzi, akaunganisha ule mpira wa kupumulishia wagonjwa, mpira ambao mkono wake ulikuwa umeubonyeza maelfu ya mara. Kisha akaunyoosha kwa Nakeyra. Hawakuwa wamepanga, nina hakika, maana yule msichana alirudi nyuma hatua moja.

"Vaa glavu," Rozella akamwambia. "Usibane kwa hasira. Bana kama unamwamsha mtu unayempenda."

Nakeyra akabana.

Lile rundo jekundu likatikisika. Akabana tena. Na yale mapafu yakaanza kuinuka. Yaliinuka kutoka pembeni kwanza, kisha kila mahali, yakipoteza ule wekundu, yakigeuka waridi, kisha waridi hafifu, yakavimba, yakajaa sinia, yakamwagika ukingoni, makubwa kuliko mtu alivyoweza kuamini kwamba yangetoka kwenye lile rundo. Alipoachia, yakashuka kwa mkoromo mdogo. Akabana, yakarudi. Hakuna aliyecheka. Mimi niliyajua mapafu kwa picha na kwa maneno, nimeyafundisha pia nilipolazimika, na bado niligundua kwamba nimesimama na kuweka mkono kifuani mwangu. Kila mtoto pale alikuwa ameweka mkono kifuani. Hawakuambiwa.

Walipumua pamoja nayo. Nadhani hawakujua.

"Hivi ndivyo ulivyonifanyia?" Nakeyra akauliza, kwa sauti ndogo, bila kuacha kubana.

"Kwa mpira mdogo zaidi," Rozella akasema. "Wako uliingia kwenye kiganja changu. Na nilitumia vidole viwili tu."

Wenzake wakamwangalia, wakamwangalia mwalimu. Kulikuwa na kijana mmoja mkubwa, mchezaji wa mpira, aliyeuliza taratibu, "Na mimi? Mimi ulinifanyia?"

"Wewe ulitoka unapiga kelele, Deshun. Hukunihitaji."

Hapo ndipo wakacheka, kicheko kizuri, na maswali yakaanza kumiminika hivi kwamba kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Nilimtazama Dakta Whitfield. Alikuwa ameweka kalamu sakafuni, sijui lini.

Katika taarifa yake alimkata alama kwa sababu hakuandika malengo ya somo ubaoni. Rozella aliisoma kwa makini na kusema ni kweli, hakuandika. Sehemu nyingine zote mkaguzi alimpa alama za juu kabisa, na chini akaandika sentensi moja ya kuuliza kama angeruhusiwa kurudi tena, si kwa ukaguzi.

Leseni yake ilitoka mwezi wa sita. Nilikuwa kwake siku hiyo, tukimenya njegere barazani na Lucius akitusimamia kazi bila kumenya hata moja. Rozella aliisoma, akaniambia niisome na mimi ili awe na hakika, kisha akaiweka chini ya bakuli upepo usiichukue.

Nakeyra hakuja kuwa muuguzi, ingawa mji mzima ulitabiri hivyo. Alisomea umeme, na sasa anapanda nguzo za shirika moja huko Greenville, ulimi wake ukiwa haujapungua makali. Mimi nimestaafu. Lakini msimu wa mapafu ukifika, Rozella hunipigia simu usiku wa kuamkia somo hilo, nami huenda, na hukaa nyuma kwenye kile kiti cha mkaguzi. Kila mwaka najiambia kwamba nimeshayaona. Kila mwaka yanainuka, na mkono wangu unakwenda wenyewe kifuani.